Mwenye Deni Yuko Vitani, Mnagonga kwa Nani?

Kuna msemo mmoja naomba tuupumzishe kidogo: dawa ya deni kulipa. Nausikia vijiweni, nausikia kwenye Hiace, nausikia hata kwa washikaji tunaoandika nao. Ni msemo mzuri, sikatai. Ila haumtaji mlipaji, na hapo kwenye pengo hilo ndipo wakusanya madeni walipojenga kibanda chao.

Kaka yangu ni askari wa JWTZ. Alikwenda Congo na kikosi cha SADC, kile kilichoanza kuingia Kivu Kaskazini Desemba 2023. Kabla hajaondoka alikopa kwenye ofisi moja ya mikopo ili apaue nyumba. Mkewe hakumwambia. Kaka yangu si malaika, na nikimpaka rangi hapa wanaomjua watanicheka. Alisaini peke yake, akaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri mikononi mwa wakopeshaji, kama walivyofanya walimu na askari wengi kabla yake, akabeba begi akaenda.

Basi kila mwisho wa mwezi wakopeshaji walikuwa wa kwanza kufika kwenye mashine. Wanachukua rejesho, wanachukua faini, wanatuachia vijisenti. Halafu wakaanza kuja na nyumbani. Utauliza, kama kadi wanayo, nyumbani wanafuata nini? Hata mimi niliuliza. Nikaambiwa faini imezaa. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii kausha damu.

Sasa mjue na Tunduma yetu. Hapa neno "amesafiri" halina heshima. Mtu akizidiwa na madeni anavuka mpaka, anaingia Nakonde, simu yake inashika mtandao wa Zambia, kwisha. Kwa hiyo shemeji alipowaambia wale vijana wawili kwamba mumewe yuko kazini nje ya nchi, waliangua kicheko. "Mama, wote huwa nje ya nchi. Mwambie arudi kutoka Nakonde tuongee." Naye hakuweza kufafanua, maana mke wa askari hasimami mlangoni akatangaza mumewe yuko kona ipi.

Siku hiyo walibeba cherehani. Cherehani ya shemeji, aliyoinunua kwa fedha za vitenge kabla hata hajaolewa. Majirani walitazama. Mmoja akasema, lo, dawa ya deni kulipa. Hakuna aliyeuliza karatasi ya mahakama iko wapi, wala kama cherehani iliwekwa rehani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba kuoana hakubadilishi umiliki wa mali ya mtu. Tuna sheria hiyo miaka yote hii, lakini vijana wawili na bodaboda moja wakaishinda asubuhi moja, kabla ya chai.

Wala msidhani walikifuata chuma kile kwa bei yake. Walichofuata ni aibu. Aliyesaini hayupo, hawezi kuaibika, basi anaaibishwa aliyepo. Wa mtandaoni nao ni wale wale, tofauti ni kwamba hawagongi mlango. Wanatuma ujumbe kwa kila jina lililo kwenye simu yako, mpaka kwa mwalimu wa mtoto. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za aina hiyo zisizo na leseni. Sitini na tisa!

Lakini mimi nina simu moja tu ninayotaka kuisimulia. Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Kaka alikuwa upande huo. Siku zikapita bila neno. Redio inasema hivi, mtu wa sokoni anasema vile, baadaye JWTZ ikatangaza vifo vya askari wetu wawili. Shemeji alilala na simu kifuani. Usiku mmoja ikaita, namba ngeni. Aliirukia. Mimi nilikuwa sebuleni, nikamwona uso unavyofunguka, kisha nikauona unavyofunga. Alikuwa yule kijana wa mikopo. Anakumbusha rejesho.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika makala hii kichwani, na hasira yake haijapoa.

Wamarekani, ambao siwaonei wivu kwa mengi, wana sheria ya mwaka 2003 inayomlinda askari na wadai. Deni alilokuwa nalo kabla ya kuingia jeshini halitozwi riba inayozidi asilimia 6 kwa mwaka akiwa kazini, ikiwa ataomba. Akishitakiwa wakati hayupo, mahakama haimhukumu hivi hivi. Lazima kwanza imteulie wakili. Sababu yenyewe haihitaji shahada. Serikali ndiyo iliyomtoa nyumbani, hawezi kuwa mstari wa mbele na barazani kwa wakati mmoja. Nataka na kwetu iwe hivyo. Tukimtuma mtu, faini yake isimame mpaka arudi, kadi yake ikae kwa mkewe, na mlango wake usigongwe na asiye na karatasi ya mahakama.

Na ninyi washikaji wa kalamu, nina ugomvi nanyi. Nimesoma hadithi zenu za askari. Bendera, baruti, barua ya mwisho yenye damu. Nami nimeandika moja ya namna hiyo, tena mbaya kuliko zenu. Hakuna hata moja yenye mwanamke anayezima taa saa mbili usiku ili ionekane hakuna mtu. Mnaniambia deni si jambo la riwaya, ni la ofisi ya mtendaji. Mnadhani vita viko Kivu tu?

SADC ilifunga kazi ile Machi 2025, na kaka akarudi katikati ya mwaka, mzima, amekonda. Jioni ya kwanza tulikaa sebuleni tukila. Hodi ikabishwa. Watoto wake wawili waliacha sahani, wakaingia chumbani bila kuambiwa na mtu. Yule mdogo alirudi mbio, akazima taa.

Alikuwa jirani, kaleta sukari.

Kaka alibaki gizani na tonge mkononi. Akauliza, "Hawa nani kawafundisha?"

Shemeji hakumjibu.