Gari Likichemka, Usifungue Rejeta

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunazungumzia gari. Msiseme hayo ni ya akina baba, kwa maana sisi na watoto ndio tunaopanda.

Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza, joto huwa kali. Ndipo wengi wetu wa Sumbawanga tunapoteremka Bonde la Ziwa Rukwa kufuata mchele na samaki, au kuona ndugu. Bondeni ni kama meta 800 juu ya usawa wa bahari. Huku Ufipa tunapita meta 1,700. Kwa hiyo kurudi kutoka Muze hadi Ntendo ni kupanda karibu kilometa nzima kwenda juu, gari limejaa na jua linawaka.

Magari mengi ya dizeli siku hizi yana tabo. Hivyo ni vifeni viwili kwenye mhimili mmoja: moshi wa injini huzungusha kimoja, na cha pili husukuma hewa ndani ya injini. Ndiyo maana gari lenye tabo halichoki upesi huku juu kwenye hewa nyepesi. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao hulainishwa na oili ya injini. Dereva akimaliza mlima na kuzima ghafla, oili husimama na kuungua humo kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Basi, aache injini iungurume polepole dakika mbili au tatu, ndipo azime.

Kabla ya safari, hakikisheni mambo haya:

1. Oili imebadilishwa kwa wakati wake.
2. Ea klina imesafishwa vumbi au kubadilishwa.
3. Maji ya rejeta na kulanti yametazamwa asubuhi, injini ikiwa baridi.
4. Mipira ya rejeta na mkanda wa feni havina nyufa.
5. Kuna madumu mawili ya maji: moja la gari, moja la watu.

Mama unayekaa mbele, tupia jicho geji ya joto. Mshale ukianza kupanda, mwambie dereva apunguze mwendo na kuzima kiyoyozi. Ukifika kwenye nyekundu, au mvuke ukitoka, asimame mahali salama na kuzima mara moja. Hapo hakuna kusubiri dakika tatu.

Sasa sikilizeni kwa makini. Hapa Sumbawanga maji ya sufuria huchemka karibu nyuzijoto 94. Ndani ya rejeta iliyofungwa, maji hupita 100 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa. Mfuniko ukifunguliwa, huruka usoni na kifuani. Subirini injini ipoe kabisa, hata ikichukua saa nzima. Maji baridi nayo yasimiminwe kwenye injini ya moto, kwani huweza kuipasua.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mvueni pete na nguo, ila ile iliyoganda kwenye ngozi iacheni. Msipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funikeni kwa kitambaa safi, mkampeleke kituo cha afya.

Watoto wakilia kwa jua, watafutieni kivuli. Kuchelewa nyumbani kunavumilika. Kovu la uso halifutiki.

Safari njema, na tukutane mwezi ujao.