Ndege ya Abiria Haitaki Shujaa

Mvua ikianza kunguruma juu ya Bangoka, uwanja wetu wa ndege hapa Kisangani, na ndege ya Kinshasa bado haijaonekana, hukosi kumsikia mtu akiwatuliza wenzake: "Msiogope, kapteni wa leo ni afande, amerusha ndege za vita." Na watu hutulia kweli. Aliyepita kwenye risasi, wanasema, wingu litamfanya nini?

Nalipinga wazo hilo waziwazi. Rubani wa vita anaweza kuwa kapteni mzuri sana wa ndege ya abiria, na wa namna hiyo wapo wengi duniani. Lakini uzuri wake hautoki kwenye ile sifa tunayomsifia. Anakuwa kapteni mzuri akiisha kuivua. Sisi wa Kisangani tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana kwetu ndege si anasa. Kwa mto, Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,700, na safari ya boti hula majuma. Barabara, kila mtu anaijua hali yake. Mgonjwa, mwanafunzi, mama wa vitenge, wote huweka roho zao mikononi mwa watu wachache waliojifungia kule mbele.

Tazama rubani wa vita anafundishwa nini. Ndege ya vita ya Sukhoi-25 ya jeshi letu ina kiti kimoja. Anayekaa humo anaona peke yake na kuamua peke yake. Kazi yenyewe inamtaka aingie mahali ambapo mtu mwenye busara angepakimbia, na akirudi bila kuifikia shabaha amehesabiwa ameshindwa. Ndege ikimfia angani, ana mpini wa kuvuta: kiti kinamrusha nje, parashuti inafunguka. Kapteni mwenye watu mia nyuma yake hana mpini huo. Yeye analipwa ili kila siku akwepe mapema yale ambayo yangemlazimu kuonyesha uhodari.

Na mji huu umewaona marubani wa vita wa kila aina. Mwaka 1964 Wakuba waliomkimbia Castro, wakilipwa na CIA, walirusha ndege za T-28 na B-26 dhidi ya waasi wa Simba. Mwanzoni mwa 1997 mamluki wa Kiserbia walikaa hapa na ndege zao, katika siku zilezile ambazo serikali ya Mobutu ilipiga mabomu Bukavu, Shabunda na Walikale. Tarehe 15 Machi mji ukaanguka mikononi mwa waasi waliompinga Mobutu, na mamluki walikuwa wamekwisha kuondoka. Sijui tulipata nini kutoka kwao hata tukabaki na heshima kubwa namna hii kwa mtu aliyeshika usukani wa ndege ya vita.

Lakini tuache vita, twende kwenye ndege za kawaida. Usiku wa 22 Desemba 1999, Boeing 747 ya mizigo ya Korean Air iliruka kutoka Stansted, Uingereza, kwenda Milano. Usukani ulikuwa kwa kapteni wa miaka 57, kanali wa zamani wa jeshi la anga la Korea Kusini. Kipimo cha mbele yake, kile kinachoonyesha ndege imelalia upande gani, kilikuwa kibovu. Kilisumbua tangu safari iliyotangulia, na matengenezo hayakukiponya. Kapteni akakata kushoto kufuata njia yake. Kipimo kikamwambia ndege imenyooka, naye akazidi kukata. Kengele ya kuonya kwamba vipimo vinapingana ikalia. Injinia wa ndege, aliyekaa nyuma yao, akatamka tena na tena kwamba ndege inalala. Na mbele ya rubani msaidizi, kijana wa miaka 33, kulikuwa na kipimo kizima kikimwonyesha ukweli wote. Hakusema neno. Hakugusa usukani. Ndege ikajipiga chini muda mfupi tu baada ya kuruka, na wote wanne waliokuwamo wakafa.

Kijana yule alikuwa na ukweli mbele ya macho yake. Nadhani kilichomfunga mdomo ni cheo cha mtu aliyekaa kushoto kwake, cheo kilichotoka kambini kikaingia naye ndani ya ndege. Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 1997, ndege nyingine ya shirika hilohilo, nayo mikononi mwa kapteni aliyetoka jeshi la anga, iligonga kilima kisiwani Guam, usiku, mvua ikinyesha, wakiutafuta uwanja wasiouona. Wasaidizi wake walitamka kwamba uwanja hauonekani na ndege ipandishwe tena zikiwa zimebaki sekunde chache tu. Watu 228 walikufa kati ya 254. Ndipo Korean Air ikakubali kufundishwa upya: mwaka 2000 ikamleta David Greenberg kutoka Delta ya Marekani aongoze urukaji, na mdogo akazoezwa kumsahihisha mkubwa wake. Tangu ajali ya Stansted shirika hilo halijampoteza hata abiria mmoja kwa ajali ya ndege.

Najua nitakayejibiwa naye: Sullenberger, aliyeitua Airbus mtoni Hudson. Si alirusha F-4 Phantom jeshini? Alirusha, ndiyo. Lakini tarehe 15 Januari 2009, mabata bukini walipoziharibu injini zote mbili juu ya New York, alikuwa na karibu miaka 30 katika ndege za abiria. Zilikuwa sekunde 208 tu tangu ndege kugongwa hadi kugusa maji. Yeye akashika usukani, mwenzake Jeffrey Skiles akashika orodha ya kuwashia injini. Maji yakiwa yamekaribia kabisa, kapteni akamuuliza Skiles kama ana wazo lolote. Hebu fikiri: mkubwa, kifo kikiwa mbele ya macho yake, anamwomba mdogo wake wazo. Skiles hakuwa nalo, lakini angekuwa nalo lingesikika. Watu wote 155 wakatoka hai.

Al Haynes naye alikuwa rubani wa wanamaji wa Marekani kabla ya kujiunga na shirika la ndege la United. Tarehe 19 Julai 1989 alikuwa akirusha DC-10, aina ileile ambayo Air Zaïre iliruka nayo. Injini ya mkiani ikapasuka na kukata mifumo yote mitatu ya haidroliki, usukani ukawa pambo. Ndani ya ndege alikuwamo mwalimu wa marubani, Denny Fitch, aliyepanda kama abiria. Akaitwa mbele, akapiga magoti kati ya viti, akaiongoza ndege kwa kuzipa injini mbili zilizobaki nguvu zaidi au kidogo, upande huu na ule. Katika watu 296, 184 walipona. Maisha yake yote yaliyobaki Haynes alisema waliokolewa na kufanya kazi pamoja, mafunzo ambayo United iliyaanza mwaka 1981 ili makapteni wajifunze kusikiliza.

Hata jeshini kwenyewe, tendo la marubani wa vita wa Afrika Mashariki ninaloliheshimu kuliko yote ni la kukataa. Tarehe 1 Agosti 1982 waasi wa Kenya waliwalazimisha kwa bunduki marubani wa F-5 wa Nanyuki waende kupiga Nairobi. Wakaruka, wakayamwaga mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora, iliyotoka Kinshasa na iliyokuwa iendelee hadi Goma, ilijaribu kutua Bangoka katikati ya dhoruba ikaanguka. Zaidi ya watu 70 walikufa, na shirika likasimamishwa. Siku ile hakuna kilichopungua ambacho ujasiri ungekijaza. Mvua ya radi ya huku kwetu hupiga kwa hasira kisha hupita. Dawa yake ni kuzunguka mbali nayo au kwenda kutua kwingine.

Na hapo ndipo sisi abiria tunapoingia katika kosa. Kapteni akigeuza ndege kurudi Kinshasa, matusi huanza kabla magurudumu hayajagusa ardhi: mwoga, si rubani, mtuletee afande. Mtoni hatufanyi hivyo. Nahodha wa baleinière, boti yetu ya mbao, anayefunga kamba ukingoni giza likiingia, kwa kuwa haoni mchanga uko wapi, tunamwita mtu mzima. Wa angani tunamtaka aingie kwenye giza kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na akiingia akatoka salama tunampigia makofi. Makofi hayo yanasikika hadi kwenye ofisi ya shirika, na rubani msaidizi naye anayasikia. Siku nyingine atafikiri mara mbili kabla ya kusema "tupande tena".

Umoja wa Ulaya umeyafungia anga lake mashirika ya Kongo kwa miaka mingi sasa, wala haujawahi kusema kwamba marubani wetu ni waoga. Unachosema ni kwamba serikali haiyasimamii mashirika ipasavyo. Basi tuyaulize mashirika maswali ya watu wanaotaka kufika. Marubani wenu waliingia lini mara ya mwisho kwenye simuleta? Rada ya hali ya hewa kwenye pua ya ndege inafanya kazi? Kapteni aliyegeuza juma lililopita aliitwa ofisini kupongezwa au kukatwa mshahara? Na kanuni ya kimataifa inaitaka ndege ya jeti ibebe mafuta ya kuifikisha inakokwenda, ya kuipeleka uwanja wa pili, na ya dakika 30 nyingine juu ya hapo. Ya leo, inayokuja Bangoka na mawingu haya, imejazwa kiasi gani?