Video umeinunua, je, na nakala zake ni zako?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, juma hili tunajibu swali lililoletwa mbele ya kamati yetu na ndugu mmoja mwenye karakana ya ushonaji katika mitaa ya Kariakoo. Alinunua mafunzo ya video ya kukata na kushona mabuibui, yaliyorekodiwa na dada mmoja wa hapa hapa jijini. Mafundi wake ni wanane. Akauliza: maadamu video ameilipia kwa fedha ya halali, je, anaruhusiwa kuwanakilia mafundi wote katika simu na flashi zao, wajifunze wakiwa kazini? Kijana wa kibandani yuko tayari kuifanya kazi hiyo kwa bei ndogo, na majirani zake wawili wamekwisha kufanya hivyo.

Swali hili ni jema, kwani wengi wetu hatuliulizi. Kariakoo imezoea kunakili tangu enzi za kanda za kaseti, zikaja sidii, na leo flashi. Jambo likishazoeleka, mtu hushangaa akiambiwa kuwa ndani yake mna haki ya mwenzake.

Tuanze na sheria ya nchi. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, na msimamizi wake ni COSOTA. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003. Kwa mujibu wa sheria hizi, mnunuzi wa video amenunua nakala moja pamoja na haki ya kuitazama. Haki ya kuzalisha nakala nyingine imebaki kwa mwenye kazi, au kwa yule aliyemkabidhi haki hiyo. Sheria imeacha nafasi chache: mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi ya faragha, kunukuu kwa kiasi huku akimtaja mwenye kazi, na kutoa mfano katika kufundisha kwa kadiri ya haja. Karakana yenye mafundi wanane wanaoshona nguo za kuuza haiwezi kuitwa faragha ya mtu mmoja. Hata kuionyesha kwa wafanyakazi wote kwa pamoja, salama ni kuomba ruhusa kwanza, kwani onyesho lililotoka nje ya familia na jamaa wa karibu huhesabiwa kuwa ni la hadhara.

Wapo wasemao kuwa video iliyotoka Ulaya haina mwenyewe hapa kwetu. Usemi huo hauna msingi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kwa mkataba huo kazi za wageni wa nchi wanachama hulindwa kama za wenyeji.

Ama kwa upande wa dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, lilikutana Kuwait mwezi Desemba 1988. Katika azimio lake namba 43 liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki mahsusi za wenyewe, kwamba katika desturi ya zama hizi zina thamani ya mali, na kwamba haijuzu kuzivamia. Kabla ya hapo baadhi ya wanachuoni wa Kihanafi wa Bara Hindi walisita, wakiona kuwa kisichoshikika hakiwi mali. Kwa sisi wafuasi wa Imam Shafi jambo ni jepesi zaidi, kwani wanachuoni wa madhehebu hii tangu zamani wameyahesabu manufaa, mfano ukazi wa nyumba, kuwa ni mali.

Juu ya hayo kuna suala la sharti. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Waislamu husimama juu ya masharti waliyowekeana. Muuzaji aliyesema video yake isinakiliwe ameweka sharti, na mnunuzi aliyelipa amelikubali.

Huenda msomaji akatuambia: elimu haifichwi. Ni kweli. Lakini msahafu unauzwa madukani Kariakoo, na hatujamsikia anayedai apewe bure kwa kuwa ni maneno ya Allah. Tunamlipa mchapaji jasho lake. Mwingine atasema mali ya asiyekuwa Mwislamu haina uzito. Huyu akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.), siku ya kuhama Makka, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili arejeshe amana za Makureshi, ilhali ni wao waliokuwa wakitaka kumuua.

Kamati ilimshauri ndugu yetu ampigie simu mwenye video. Akapiga. Dada yule alifurahi mno kuulizwa, akampa ruhusa ya maandishi kwa mafundi wote wanane, kwa bei isiyofika nusu ya ile ambayo angelipa kama angenunua nakala nane. Kisha akamweleza kuwa alikuwa amekusudia kurekodi sehemu ya pili, ya kanzu za watoto, akaacha; kwa sababu kila alipopita mitaani aliziona video zake katika simu za watu asiowauzia, naye anawalea watoto peke yake kwa kipato hicho. Majirani wawili wa ndugu yetu wamo katika hesabu hiyo, japo hawamjui wala hawakumkusudia ubaya.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye maduka, karakana, zahanati na madrasa haya yafuatayo. Someni masharti kabla ya kununua, kwani zipo video ambazo wenyewe wameruhusu zinakiliwe na kugawiwa bure. Pasipo na ruhusa, ombeni, na iwe kwa maandishi. Bei ikiwa nzito, changeni wenye kazi moja mnunue leseni kwa pamoja, kwa makubaliano na mwenyewe. Na aliyekwisha kunakili asidhani istighfari peke yake yatosha: haki ya mja hurejeshwa kwa mja. Amtafute mwenyewe amlipe au amwombe radhi. Akikataliwa, azifute nakala.

Mwajiri atazame na jambo moja zaidi. Fundi anayefunzwa kazi kwa video iliyonakiliwa bila ruhusa anajifunza kushona, na papo hapo anajifunza jinsi tajiri wake anavyoihesabu haki ya mtu asiyekuwapo. Kesho atakapoachiwa duka na fedha ya mauzo, yeye ndiye atakayekuwa peke yake na haki ya mtu asiyekuwapo.

Wabillahi tawfiq.