Kujikaza si Kujiandaa: Rai juu ya Safari Ndefu ya Baiskeli

Imezoeleka miongoni mwetu kumsifu mtu ajikazaye. Kijana akitangaza kwamba atasafiri kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 190, aghalabu haulizwi amejiandaa kwa majuma mangapi. Huulizwa kama ana moyo. Akijibu kwamba anao, hupigiwa makofi na kuagwa. Rai yangu katika makala haya ni kwamba swali hilo halitoshi. Ujasiri ni jambo jema, lakini safari ya namna hiyo huamuliwa na moyo ule upigao kifuani, pamoja na misuli, kano na jasho. Na vyote hivyo hutii kanuni za maumbile, havitii makofi.

Baiskeli ni chombo cha ajabu. Kwa nishati ileile impelekayo mtembea kwa miguu kilomita moja, mpanda baiskeli katika barabara tambarare huweza kwenda kilomita tatu au zaidi. Urahisi huo ndio umhadaao anayeanza. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na nguvu ya kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu. Maana yake ni kwamba anayetoka mwendo wa kilomita 15 kwa saa na kufikia kilomita 30 kwa saa hahitaji nguvu maradufu dhidi ya hewa, bali mara nane. Wengi hutoka mjini kwa kasi, wakishangiliwa, na kabla ya kufika Mlandizi wamekwisha kutumia akiba ambayo ingewafikisha Chalinze.

Akiba hiyo ina kipimo. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, nayo hutosha takriban saa mbili za kazi nzito. Ikiisha, miguu hulegea na akili huzubaa, hata kama nia ingali imara. Aidha, misuli hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki hutoka kama joto, na joto hilo hapana budi liondolewe kwa jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa kilokalori zipatazo 580. Lakini katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya pwani yetu, sehemu kubwa ya jasho hudondoka bila kukauka, na jasho linalodondoka halipozi mwili. Ndiyo sababu ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haifai kunakiliwa hapa neno kwa neno. Kwetu sisi, mwendo mkubwa wa siku yafaa ukamilike kabla ya jua la saa tano.

Je, mazoezi hufanya nini? Mwaka 1967, mtaalamu John Holloszy wa Marekani alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa majuma kadhaa waliongeza karibu maradufu uwezo wa misuli yao kutumia oksijeni. Ndani ya chembe hai za misuli, mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati, vilikuwa vimeongezeka. Tangu hapo jambo hilo limethibitishwa kwa binadamu pia. Moyo nao hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mwili huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Mabadiliko haya hayatokei wakati wa kukanyaga pedali. Hutokea baadaye, katika usingizi na mapumziko. Kano nazo hukomaa polepole kuliko moyo na mapafu. Kwa hiyo mwanafunzi wa baiskeli anayejisikia ana pumzi tele baada ya mwezi mmoja asidhani kwamba magoti yake yamekwisha kuwa tayari.

Kwa msingi huo, napendekeza majuma 12 kwa mtu mwenye afya ambaye hajapata kwenda mbali. Siku mbili za kila juma aende kilomita 10 hadi 15, kwa mwendo unaomruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Siku ya tatu iwe ya safari ndefu: kilomita 20 juma la kwanza, kisha 25, kisha 30, na juma la nne arudi 20 ili mwili ujijenge. Baadaye 35, 42, 50, na kupumzika tena kwa 35. Hatimaye 60, 70, 80, na juma la mwisho asifanye ila matembezi mafupi. Katika juma la 10 na la 11, siku inayofuata safari ndefu apande tena kilomita 30, kwa kuwa safari yenyewe ni ya siku mbili: kilomita zipatazo 105 hadi Chalinze, na 85 zilizobaki kesho yake. Atumie baiskeli ileile atakayosafiria, na kuanzia juma la tano abebe mzigo uleule. Mwenye shinikizo la damu, au aliyevuka miaka 40 bila mazoezi, amwone daktari kwanza.

Kiti nacho kisidharauliwe. Mpanda baiskeli akiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Hivyo, akikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo tu. Kiti kilichoshuka mno huyatesa magoti kwa maelfu ya mizunguko kila saa.

Kuhusu chakula, ndizi mbivu mbili kwa saa, au tende, au kashata, zatosha kuichelewesha njaa ya misuli, mradi ale kabla ya kuisikia. Kuhusu maji, mizani ndiyo mwalimu bora. Ajipime kabla na baada ya saa moja ya mazoezi: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Lakini asinywe bila kiasi. Anayeshuka baiskeli akiwa mzito kuliko alivyopanda amezidisha maji, na maji yakizidi huzimua chumvi ya damu kiasi cha kuweza kuhatarisha maisha.

Wapo watakaonikumbusha John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 mjini Mexico, akiwa ameumia goti, alimaliza marathoni ya Olimpiki wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika. Ni haki kumheshimu. Lakini tusisahau kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu huyohuyo alishika nafasi ya tano katika mbio hizohizo. Alikuwa mwanariadha aliyefunzwa, na ustahimilivu wake ulisimama juu ya mazoezi ya miaka. Wengine watasema kwamba wachukuzi wa mkaa hawajapata kuona ratiba yoyote. Nami najibu kwamba wachukuzi hao wamefunzwa kuliko sisi sote: wameongeza mzigo na masafa kidogo kidogo tangu ujana wao, ila hakuna aliyewaambia kuwa hiyo ni elimu.

Kuna jambo zito zaidi. Barabara ya Morogoro ina malori mengi. Mpanda baiskeli aliyechoka huyumba, na kuyumba kwa nusu mita kwaweza kumgharimu maisha yake. Kumsifu kijana kwa kwenda bila maandalizi ni kumsukuma kuelekea hatari hiyo.

Katika chuo nilichosomea ng'ambo, niliona baiskeli zilizofungwa sakafuni maabarani, zikipima kazi ya mwili kwa wati. Hatuna haja ya kuzingoja. Shule yoyote yenye baiskeli moja, saa, mizani na daftari yaweza kufundisha haya yote: mwalimu wa fizikia afundishe ukinzani wa hewa, wa baiolojia afundishe mapigo ya moyo, na wanafunzi, wasichana kwa wavulana, wapime miili yao wenyewe juma hadi juma. Na kijana mwingine atakapokuja kutuaga, tumwombe kwanza atuonyeshe daftari lake la majuma 12. Kama halina kitu, tumshauri aahirishe safari, naye asilione hilo kuwa aibu.