Goma: « Njoo inboksi » inafukuza wateja

Fundi wa nguo anaweka picha ya gauni la kitenge kwenye Facebook. Mtu anauliza chini yake: « Bei gani? » Fundi anajibu: « Njoo inboksi. » Mazungumzo yanaishia hapo. Mjini Goma jambo hili linaonekana kila siku, kwa wapiga picha, wapambaji wa harusi, wasusi na wapika keki. Kila mmoja analalamika kwamba wafuasi wake ni wachache.

Hawa si watu wanaochezea simu. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na wengi waliokuwa wakilipwa na mashirika wakajikuta nyumbani. Kwa vijana wengi simu ndiyo duka lililobaki.

Wanaojitetea wanasema: ukiandika bei, mwenzako atapunguza dola moja. Ni kweli, na sokoni Birere ni vilevile. Lakini mteja asiyeona bei hudhani ni kubwa, ao kwamba atapimwa kwanza sura na mfuko. Kuandika « kuanzia dola 15, kitenge ni chako » kunatosha.

Wengine wanatafuta dawa kwenye makundi ya « nifuate nikufuate », hata kulipa mtu awaletee maelfu ya majina. Mtu wa Manila hatakuja Katindo kupimwa gauni. Kazi ya mikono inahitaji watu wanaoweza kufika kwa moto na kulipa kwa M-Pesa ao Airtel Money. Mia mbili wa namna hiyo ni utajiri.

Na hao wako WhatsApp zaidi kuliko kwingine. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: statuti yako inaonekana kwa mtu tu ikiwa wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Orodha ya kutuma ujumbe kwa pamoja nayo ina kikomo cha watu 256, na haimfikii asiyekuwa na namba yako. Kwa hiyo dakika ya thamani ni ile mteja anapolipa: mwombe ahifadhi namba mbele yako, naye umhifadhi. Ni aibu kidogo mara ya kwanza. Fundi anayefanya hivyo kwa kila gauni hana haja ya kununua wafuasi.

Kuhusu picha, kuna udanganyifu unaoharibia wote. Gauni lililoshonwa Lagos linachukuliwa kwenye intaneti, linawekwa kama kazi ya Majengo, kisha mteja anapokea kitu kingine. Huyo harudi, na anaambia dada zake. Picha ya kazi yako mwenyewe, hata ikiwa imepigwa mlangoni mchana, inauza vizuri zaidi. Video ndefu nayo inamaliza mega za mtu aliyenunua za siku moja. Anaipita bila kuifungua.

Mwisho, namba zote za wateja ziandikwe pia kwenye daftari. Simu zinaibiwa, laini zinapotea, na kuna mafundi walioanza tena kutoka sifuri kwa sababu kila jina lilikuwa ndani ya kifaa kimoja.