Mbwa Abwekaye na Haki ya Jirani

Katika mitaa mingi ya Kampala nyumba zimesongamana, na mbwa wa nyumba moja husikika katika nyumba kumi. Askari aliyekesha lindoni hulala mchana. Mbwa abwekaye saa nzima humnyima pumziko lake.

Jirani ajapo kulalamika, mwenye mbwa asimjibu kwa hasira. Amkaribishe, amsikilize, kisha amwulize ni saa zipi kelele huzidi, kwani hapo ndipo chanzo kitakapojulikana. Mbwa afungwaye kutwa kwa kamba fupi, pasipo maji wala matembezi, hubweka kwa dhiki. Awekwaye karibu na njia humbwekea kila mpita njia. Basi apewe maji, atembezwe asubuhi na jioni, na banda lake lihamishwe mbali na njia na dirisha la jirani.

Naye mlalamikaji asithubutu kutupa nyama yenye sumu, maana mtoto aweza kuiokota. Wakishindwa kupatana, wamwendee mwenyekiti wa LC 1 awasuluhishe.

Usiku wa hatari, jirani ndiye afikaye kwanza. Haifai kumpoteza kwa ajili ya mbwa.