Mkojo Wetu Mmeuchukua, Maji Safi Yako Wapi?

Tumeshapimwa vya kutosha. Kuanzia Oldonyo Sambu, ukauzunguka Mlima Meru hadi Ngarenanyuki na kushuka mpaka Maji ya Chai, sijui kitu cha mtu wa huku ambacho hakijaingia kwenye kichupa cha mtafiti: maji ya mto, maji ya kisima, magadi ya jikoni, mkojo wa mtoto wa shule ya msingi. Watoto wamepangwa mstari wakaambiwa wafunue midomo, meno yao yakapigwa picha. Magoti yao yamepigwa eksirei. Picha hizo zimo kwenye majarida ya Ulaya na Marekani hadi leo, na wenye magoti hawajawahi kuziona.

Naandika kwa hasira na sitaomba radhi. Hasira hii ina umri mkubwa kuliko mimi.

Mwaka 1964 madaktari wawili, P. Grech na M. C. Latham, walichapisha utafiti wao juu ya madhara ya floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu, kaskazini mwa Tanganyika. Tangu hapo hakuna daktari, waziri wala profesa anayeweza kusema hakuambiwa. Juni ya mwaka huohuo wawakilishi wa madaktari wa dunia walikutana Helsinki wakapitisha azimio la maadili ya utafiti kwa binadamu. Azimio hilo limerekebishwa mara kadhaa, na siku hizi linasema bila kumung'unya maneno kwamba watu walio katika hali dhaifu wasifanyiwe utafiti ila pale unapojibu shida yao ya kiafya, na wao wenyewe wawe wa kunufaika na kitakachopatikana. Mtoto aliyezaliwa chini ya Meru mwaka ule, kama yu hai, ana miaka sitini na ushee. Ugonjwa wetu na azimio la kutulinda vimezeeka pamoja naye, na wajukuu zake wana meno yaleyale ya kahawia.

Haya, tuseme 1964 ilikuwa mapema, nchi ilikuwa changa. Mwaka 1984 Nanyaro na wenzake walieleza kitaalamu chanzo cha balaa hili. Mito waliyoipima ilikuwa na floraidi miligramu 12 hadi 26 kwa lita. Chemchemi zilikuwa na 15 hadi 63. Madimbwi na maziwa ya magadi, yakiwemo ya Momella, yalifika 690. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Meru ni volkano. Miamba na majivu yake yamejaa sodiamu na floraidi, na maji yanayopita humo yakiwa na kalisi kidogo huibeba floraidi hiyo mpaka kisimani. Mlima hauna kosa. Kosa lilianza siku binadamu alipojua, akaandika, akapata cheo, akaondoka.

Serikali nayo ilijua. Mwaka 1974 kamati ya viwango vya maji vijijini iliweka kikomo cha muda cha miligramu 8 kwa lita. Naielewa sababu yake: ukishika kikomo cha chini, unafunga chanzo pekee alichonacho mwananchi, naye atakunywa nini? Lakini kilichoitwa cha muda kilikaa miongo. Baadaye kikashushwa hadi 4, na ni juzijuzi tu ndipo vitabu vyetu vilipokubali 1.5. Muda wote huo meno yalikuwa yanaota na mifupa inakua. Jino la kudumu huumbika ndani ya taya katika miaka minane hivi ya mwanzo, na likishatoka na madoa yake limetoka hivyo. Mfupa huendelea kupokea floraidi mwaka baada ya mwaka, hasa kwa mtoto asiyepata kalisi ya kutosha: magoti hugongana au miguu hufanya matege, na mtu mzima huishia na mgongo mgumu asioweza kuugeuza. Hakuna sindano ya kuiondoa floraidi iliyokwisha kuingia mfupani.

Hapo ndipo ninapotaka mtafiti anisikilize. Kwa ugonjwa huu, maji ndiyo dawa. Ukimchukua mtoto mkojo, ukakuta floraidi imezidi, ukaandika namba kwenye kompyuta yako na kumrudisha kwenye dumu lilelile la asubuhi, umemgundua mgonjwa ukamwacha bila dawa. Daktari akifanya hivyo kwa mgonjwa wa kifua kikuu tunamwita mzembe na tunamfikisha kwenye baraza lake. Mtafiti akifanya hivyo kwa watoto mia tunampa shahada.

Najua jibu lao, nimelisikia zaidi ya mara moja: sisi ni wanasayansi, kuleta maji ni kazi ya wizara. Wizara nayo ukiiuliza inasema utafiti unaendelea. Jamani, miaka sitini utafiti unaendelea! Kati ya watu hao wawili wanaonyoosheana vidole amesimama mtoto mwenye matege, akisubiri mmoja wao amtazame.

Bibi mmoja wa huku, wa rika la mama yangu, aliniuliza tukiwa tumesimama karibu na punda wake aliyebeba madumu: "Mwanangu, wale watu wa mkojo watarudi lini?" Nikamwambia, bibi, sijui, walikuahidi nini? Akasema walimwambia matokeo yatakuja. Alikuwa amemshika mjukuu mkono akaweka yeye mwenyewe dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Fomu ilisomwa kwa Kiswahili cha ofisini, naye hutumia Kimaasai kwa mambo yote yenye uzito. Hakuelewa kwamba mahali fulani katika karatasi ile paliandikwa kuwa mshiriki hatapata faida ya moja kwa moja. Karibu kila fomu ya aina hiyo ina sentensi hiyo. Nimezisoma. Sentensi hiyo inamlinda mtafiti, haimlindi mjukuu.

Halafu wanarudi kumlaumu kwa magadi! Ni kweli magadi yenyewe yana floraidi, watafiti wameyapima wakaona, na mama anayechemshia maharage kwa magadi anaongeza sumu juu ya sumu. Lakini anayatumia kwa sababu maharage huiva upesi na kuni zinabaki za kesho. Ukitaka aache, mpe kitu kitakachoivisha maharage bila kumpeleka msituni mara mbili. Kumwekea bango la katazo kwenye ukuta wa zahanati ni kumpa lawama badala ya msaada.

Na asije mtu akaniambia hakuna la kufanya. Wizara ya Maji imekuwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, ndani ya ukanda huuhuu, na kituo hicho kimefanya kazi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yanapopita. Mbinu ya shabu na chokaa inajulikana kutoka India tangu zamani. Tengeru tuna Taasisi ya Nelson Mandela, na mhadhiri wake Askwar Hilonga alishinda mwaka 2015 tuzo ya wahandisi wa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio lake la maji. Maarifa yamo mkoani mwetu, umbali wa safari ya daladala. Jiji la Arusha lilipohitaji maji, ulipatikana mradi wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na visima virefu vikachimbwa. Nchi ikiamua, maji yanapatikana.

Kinachokosekana ni mtu wa kubaki. Mkaa wa mifupa huchoka. Ukishajaa floraidi hauwezi kunasa tena, maji yanapita kama yalivyoingia, na kwa macho huwezi kuona tofauti, maana floraidi haina rangi wala harufu. Kwa hiyo chujio linataka mtu wa kupima maji kila baada ya muda, mkaa mpya wa kubadilishia, na fedha ya mkaa huo. Mradi wa miaka mitatu unaleta chujio, unapiga picha na mwenyekiti wa kijiji, unafunga hesabu. Mwaka wa nne mama bado anachota kwenye chujio lile kwa imani, na anachokunywa ni kilekile alichokunywa babu yake. Hilo kwangu ni baya kuliko kutoleta chujio kabisa, kwa sababu sasa hata tahadhari yake imekufa.

Tuitazame pia hospitali, maana huko nako mwili wa mtu wa Oldonyo Sambu ni somo. Hospitali ya kufundishia inafundisha kwa wagonjwa, na lazima iwe hivyo. Nisingependa kupasuliwa na daktari aliyejifunza kwa vitabu peke yake. Lakini nimesimama kwenye wodi ya hospitali ya namna hiyo, sitaitaja, wakati wa raundi. Shuka likafunuliwa, wanafunzi wakasogea, mmoja akanong'ona, "Hii ni kesi nzuri." Mtoto alikuwa anasikia. Magoti yake yalipimwa kwa rula, yakajadiliwa, shuka likarudishwa, na baba yake akabaki na swali moja ambalo hakuna aliyelijibu: upasuaji utalipwa na nani? Sera inamsamehe mtoto chini ya miaka mitano, na miguu hii kwa kawaida hufikishwa kisuni mtoto akiwa ameshaupita umri huo.

Wapo wanaofanya inavyopasa, na ni haki kuwataja. Pale Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, kuna The Plaster House, nyumba iliyoanza mwaka 2008. Watoto waliopinda miguu hukaa pale kabla na baada ya upasuaji, wanalishwa, wanafungwa plasta, wanajifunza kutembea upya. Nawaheshimu sana. Lakini hata wao hawawezi kufanya kazi ya bomba. Mtoto aliyenyooshwa miguu akirudi kwenye kisima kilekile, mfupa wake unaendelea kulishwa kilichoupinda.

Mtu atasema floraidi ni jambo la pekee, tafiti nyingine hufika kwa mgonjwa. Hebu tuangalie. Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali mwaka 2007 na 2008. Kati yao 528 waliandikiwa kuwa wana malaria. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Kumi na wanne! Wengi walikuwa na maradhi mengine, yakiwemo yatokayo kwa mifugo: bruselosi, homa ya Q, leptospirosisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na ninauona utafiti huo kuwa miongoni mwa kazi muhimu kuliko zote zilizofanywa kaskazini mwa nchi hii, kwa kuwa ulionyesha bila woga jinsi mgonjwa anavyotibiwa kwa kukisia.

Sasa mfikirie mfugaji wa Oldonyo Sambu mwenye homa isiyokatika, viungo vinauma, amezalisha mbuzi kwa mikono mitupu. Anakwenda zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kipo, kinasoma hana. Baada ya hapo? Kipimo cha bruselosi cha kuaminika anakipata wapi jirani na boma lake, na nani atamsimamia ameze dawa kwa wiki sita zinazotakiwa? Maarifa yaliyotokana na damu ya watu kama yeye yamesafiri mpaka maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo. Kutoka Moshi hadi zahanati za wafugaji ni safari ya saa chache tu.

Nataka mambo haya yafanyike, na nayataka mwaka huu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kamati za maadili za vyuo zisipitishe tena pendekezo lolote la kuhesabu meno ya kahawia chini ya Meru. Idadi tunayo. Anayetaka kupima mkojo wa mtoto aonyeshe kwenye bajeti yake maji salama ya kunywa kwa shule ya mtoto huyo, na mpango wa kuyapima maji hayo baada ya mradi kuisha, pamoja na jina la ofisi itakayopokea kazi hiyo. Akikuta miguu inapinda, awe na rufaa mkononi na fedha ya rufaa. Matokeo ya kila mtoto yarudi kwa mzazi wake kwa lugha anayootea usiku, yasomwe mbele yake, aulize, ajibiwe. Wahisani watasema kwamba fedha ya kutunza haiingii kwenye fungu la utafiti? Basi walibadilishe fungu. Ni lao.

Na ninyi madiwani, wenyeviti wa vijiji, malaigwanani viongozi wetu wa mila: hakuna timu inayoingia kwenye kata bila barua yenye mhuri wenu. Mna nguvu hiyo na mmekuwa mkiigawa bure. Gari linalofuata likisimama mbele ya ofisi ya kata, wakaribisheni, wapeni chai, waulizeni matokeo ya waliotangulia yako wapi na maji ya shule yatakuja lini. Wakiwa na jibu lililoandikwa, wekeni mhuri. Wakiwa hawana, warudi nalo.